Bastola Changa Kuliko Mwenyewe

Ninyi vijana mnaosomea vitu vya kale, kila mnaponikuta kwenye maduka yetu ya Galerie d'Ixelles nikisubiri zamu yangu kwa kinyozi, mnaniuliza swali lilelile: "Papa Déo, mutu anajuaka namna gani kama kintu ni ya kweli?" Mnauliza mmesimama, koti mwilini, simu mkononi, kana kwamba jibu litaingia kabla basi halijafika. Nikisema "kwa kukiangalia," mnacheka mkidhani ninawatania. Siwatanii. Nimeangalia kitu kimoja, bastola za zamani, karibu utu uzima wangu wote, mpaka jicho la kulia sasa linatoka machozi hata nikisoma jina la kituo cha tramu. Basi leo nimekaa mezani hapa nyumbani Ganshoren, Brussels, mke wangu Tabu amenifungulia dirisha, nitawaandikia. Nikichoka nitaacha.

Naandika Kiswahili cha Tabu. Yeye ni mtu wa Kigoma, na anasimama nyuma yangu akisahihisha. Mimi ni mtu wa Likasi, kule Kongo, na Kiswahili chetu mnakijua. Watu wakianza kusema humu ndani nitawaacha waseme walivyosema, na Tabu amekubali kuvumilia.

Nilifika nchi hii nikiwa fundi chuma, nimetoka karakana ya mgodi. Nikasoma ufundi wa silaha Liège, mji ambao watu wake wametengeneza bunduki tangu zamani mno, kisha nikachukuliwa na nyumba moja ya mnada hapa Brussels, upande wa Sablon. Kazi yangu ilikuwa hivi: kabla bastola haijaingia mnadani, niseme ni nini. Siyo kusema ni nzuri, wala ilikuwa ya shujaa gani. Niseme ni nini, basi.

Zilizoniletea kazi kubwa ni bastola zenye silinda inayozunguka, zile za wakati wa baruti na fataki, yaani kifuniko kidogo cha kuiwasha baruti hiyo, kabla risasi za ganda hazijaenea. Zilitengenezwa Amerika na huku Ulaya enzi za babu wa babu zenu, zikatumika, zikapitwa na wakati, zikaachwa. Baada ya vita kuu ya pili watu wakazikumbuka tena. Kulikuwa na wapenzi wa sinema za farasi na vumbi, kulikuwa na vilabu vya kulenga shabaha. Viwanda vikaanza kuzitengeneza upya kwa umbo lilelile: Italia, hapa Ubelgiji, na Amerika kwenyewe, vingine vikitumia jina la zamani na kuendeleza hata namba kutoka pale zilipoishia. Hizo ndizo tulizoziita toleo la baadaye.

Sikieni vizuri hapa, maana wengi hujikwaa. Toleo la baadaye si bandia. Ni kama mtoto aliyepewa jina la babu yake. Kwetu mtoto wa namna hiyo tunamwita "babu", tunamwamkia kwa heshima, na hakuna aliyedanganywa. Udanganyifu unaanza siku mtu anapompaka mtoto huyo majivu kichwani na kumtuma akachukue pensheni ya babu.

Na watu wanapaka majivu, wallahi. Alikuja bwana mmoja, mstaafu kama mimi sasa, amefunga bastola yake kwenye taulo. Nilipofungua, harufu ya siki ikajaa ofisini. Alikuwa ameiloweka siki na chumvi, kisha akaizika bustanini chini ya mawaridi mpaka majira ya baridi yakapita. Nikamwambia, "Bwana, hii imekosa nyanya tu iwe saladi." Hakucheka. Alikunja taulo lake polepole akasema, "Mke wangu aliniambia kwamba utajua."

Chuma kikiachwa kizeeke chenyewe kinazeeka kama mtu, hakizeeki pote kwa pamoja. Mkono unasugua hapa, ala ya ngozi inasugua pale, jasho linakula ukingo wa mpini. Lakini chini ya skrubu na ndani ya pembe rangi ya kwanza inabaki. Mdanganyifu ana haraka. Anasugua kote sawasawa. Mkiona bastola imechakaa sawasawa kila mahali, kama zile suruali zenu mnazonunua zikiwa zimechanika tangu dukani, iwekeni chini kwanza mnywe kahawa. Angalieni chapa pia. Kutu iliyopanda juu ya chapa ni jambo la kawaida. Chapa iliyopigwa juu ya kutu ni mtu amepita na nyundo juzi.

Haya yote nilifundishwa na Bwana Lambert. Alikuwa mzee wa Liège, mwenye masikio makubwa, mtu wa mkono wa kushoto, na katika ujana wake alifanya kazi katika kiwanda kimojawapo kilichotengeneza matoleo haya ya baadaye. Alikuwa akilainisha shaba ya mpini kwa tupa. Alipozeeka nyumba yetu ya mnada ikamchukua, kwa sababu aliyemlea mtoto ndiye anayejua kovu lake liko wapi.

Siku moja bastola ililetwa ikiwa na sifa ndefu. Mwenyewe alisema ilipita katika vita vya Amerika, ikavuka bahari na nahodha fulani, na mambo mengine ya aina hiyo. Bwana Lambert akaufungua mpini, akachungulia ndani ya shaba, akakaa kitini. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamletea maji.

"Déo," akasema, "mistari hii ya tupa inalala upande gani?"

Nikaangalia. Mistari ya ndani ya shaba ilikuwa imelala kinyume, kama mwandiko wa mtu anayetumia mkono wa kushoto.

"Hii nimeifanya mimi," akasema. "Nilikuwa na benchi karibu na dirisha."

Mwenye bastola aliitwa, akaelezwa, akakataa katakata. Alimwambia Bwana Lambert usoni kwamba uzee umemchanganya, akaondoka na bastola yake akaipeleka kwingine. Bwana Lambert hakukasirika. Jioni tulipokuwa tunavaa makoti aliniambia, "Shida ni kwamba nilikuwa fundi mzuri. Ningekuwa mvivu kidogo, ulimwengu ungekuwa na uongo mdogo zaidi." Alifariki kabla sijastaafu. Mpaka leo nikiona shaba ya mpini huwa naiinamisha kwanza nione mistari.

Baadaye zikaja mashine. Unaielekeza kwenye chuma, inalia, inakuandikia chuma kile kimechanganywa na nini. Wenzangu walidhani nitachukia. Niliipenda sana. Watu hawabishani na mashine kama walivyokuwa wakibishana nami. Maana hicho ndicho kinachochosha katika kazi hii, wala si kuangalia. Kinachochosha ni uso wa mtu anapokusubiri. Anakuja na kitu kilichokaa juu ya kabati la mama yake, amekiogopa na kukipenda tangu utotoni, na wewe una neno moja mdomoni. Nimesema "hapana" kwa Kifaransa, kwa Kiflemi, kwa Kiswahili, kwa ishara ya kichwa. Mwishoni nilikuwa natembea kwenda tramu nikihisi kama mtu aliyebeba mizigo ya nyumba za watu.

Sasa niwaeleze juu ya Monsieur Édouard, kwa sababu najua wengi wenu mnataka kufanya kazi ya kurudisha vitu vya mababu vilivyochukuliwa. Ni kazi nzuri. Ila msiingie mkidhani ni sherehe.

Monsieur Édouard alikuwa jirani yangu wa mbali hapa Ganshoren, Mbelgiji, hakuoa, hana mtoto. Alizaliwa Lubumbashi wakati bado inaitwa Élisabethville, akaondoka akiwa mtoto, mwaka wa uhuru. Kiswahili chake kilikuwa kile cha jikoni alichofundishwa na yaya, na hakukisahau. Alikuja kwenye misa ya Kiswahili, akikaa nyuma kabisa. Siku moja baada ya misa, wakati wa kahawa, aliwaambia watu waliokaa naye kwamba babu yake alikuwa mtumishi wa serikali kule Katanga zamani sana, karibu na mto Lufira, na huko alimpiga risasi mkuu wa kijiji aliyekataa kutoa wapagazi. Mkuu huyo, mfumu kama wanavyosema kule, aliitwa Kalenga. Bastola iliyomuua bado iko nyumbani kwake ndani ya sanduku, na yeye Édouard ni mzee, ana ugonjwa wa moyo, hataki kufa nayo.

Maman Ngoie alikuwa amesimama nyuma yake na birika la kahawa. Mnamjua, ndiye mwenye duka la vitambaa pale Galerie. Alilitua birika chini. Kalenga alikuwa babu wa baba yake.

Kwao habari hiyo haikuwa hadithi ya vitabuni. Kalenga alibebwa baada ya kupigwa risasi, na hakuna aliyejua alikozikwa. Hakuliliwa kama mfumu anavyoliliwa. Kila balaa iliyoikumba familia tangu hapo, watu walisema: ni mzee, bado amesimama njiani. Kwa hiyo Monsieur Édouard aliposema atawapa bastola, Maman Ngoie alipiga simu Katanga siku ileile. Wazee wakaamua: iletwe, ivunjwe kwa nyundo mbele ya watu wote, vipande vizikwe, na hapo ndipo kilio kifanyike. Mbuzi wakatafutwa. Kaka yake Maman Ngoie akaomba likizo kazini kwake Kolwezi. Lakini kampuni ya ndege haibebi bastola hivi hivi. Ilitaka mtaalamu athibitishe kwamba ni silaha ya kale isiyotumika tena. Wakanijia mimi.

Tulikutana sebuleni kwa Monsieur Édouard, mchana, mimi nimekaa karibu na dirisha nipate mwanga. Yeye upande huu, Maman Ngoie upande ule, amevaa kitenge chake cha kanisani. Hakutaka kugusa sanduku. Alikuwa ameishika mikono yake mwenyewe.

Sanduku lilikuwa la kale kweli, na sanduku ndilo linalodanganya zaidi: mtu anaona kitanda akadhani amemwona mgonjwa. Bastola ilikuwa ya fataki, aina ambayo hata wakati wa babu huyo ilikuwa imepitwa. Monsieur Édouard alieleza kwamba babu aliirithi kwa baba yake. Jambo hilo linawezekana. Mpini ulikuwa umechakaa, shaba imegeuka rangi ya chai. Nikaizungusha silinda. Ilikuwa na mchoro wa meli zinazopigana, kama nyingi za aina ile. Kwenye bastola iliyobebwa, meli hizo huanza kufutika upande unaosuguana na ala. Hizi zilikuwa zimefifia zote kwa kiasi kimoja.

Nikasukuma kabari inayoshika mtutu, nikautoa. Ndani, chuma kilikuwa kimekatwa kwa mistari myembamba iliyolingana, kama shamba lililolimwa kwa trekta. Mafundi wa zamani walilima kwa jembe. Na chini ya mkono wa kushindilia risasi, mahali ambapo mtu hana sababu ya kuangalia, palikuwa na chapa ya jaribio ya Liège, ile inayopigwa silaha ikishajaribiwa, ya namna iliyoanza baada ya vita. Mtu alijaribu kuifuta kwa msasa, ikabaki kivuli.

Niliangalia tena yote tangu mwanzo. Niliomba maji ya kunywa, siyo kwa kiu.

"Monsieur Édouard," nikasema, "ulizaliwa mwaka gani?"

Akaniambia.

"Basi wewe ni mkubwa kwa bastola hii. Ilitengenezwa Liège wakati wewe unasoma shule ya msingi. Ni toleo la baadaye. Halafu mtu akaizeesha kwa mkono."

"Hapana," akasema. "Hapana, papa Déo. Iko ya babu. Miye nilionaka ku ukuta, ku nyumba ya papa, kule Élisabethville. Nilionaka na macho yangu."

"Ulichokiona ukutani sikijui. Hii haikuwa huko."

Maman Ngoie hakumwangalia yeye, aliniangalia mimi. "Uliangalia muzuri?"

"Niliangalia muzuri, maman."

"Donc ile yenyewe iko wapi?"

 Monsieur Édouard alikuwa amejishika kifuani, uso umempauka, na kwa muda nilidhani tutaita gari la wagonjwa.

Maman Ngoie alinisindikiza hadi mlangoni. Kwenye ngazi alinishika mkono.

"Papa Déo, nakuomba. Uandike tu ni ya zamani. Bandugu bote kule banangojea. Bamama balishaka kukusanya unga. Ile chuma tutaivunja, tutaizika, njo mwisho. Nani ataichimbula kuiangalia?"

"Hakuna."

"Alors?"

"Maman, mutalilia babu yenu juu ya kintu chenye kilitoka ku duka. Na ile yenye ilimuua itakuwa ingali fasi fulani. Siwezi kuandika vile."

"Hauwezi ao hautaki?"

"Sitaki."

Aliuachia mkono wangu. "Bon," akasema. "Weye njo unabakia na kweli yako. Siye tutabakia na mufu wetu."

Hapo vijana ndipo mnapotaka kunisikia nikisema kwamba kweli humweka mtu huru. Sijui. Mimi ilinifungia milango. Kule Galerie ilisemwa kwamba Papa Déo amekula na Wazungu mpaka amekuwa mdomo wao. Kwamba babu Mzungu aliua, na mjukuu ametafuta Mwafrika wa kumfutia kosa. Kinyozi wangu aliendelea kuninyoa lakini akaacha kuongea. Kanisani Maman Ngoie alipita mbele yangu kama ninavyopita mimi mbele ya mlango wa benki. Ilipofika zamu ya kupeana amani, mkono wangu ulibaki hewani, nikaurudisha mfukoni. Tabu alikuwa pembeni yangu, akaniambia kwa sauti ndogo, "Ulisema kweli. Sasa kaa nayo, usilalamike." Nilikaa nayo. Ilikuwa nzito, na nilikuwa nimechoka.

Aliyevunja kimya ni Monsieur Édouard. Alinipigia simu akasema dada yake mkubwa, Claire, yuko nyumba ya wazee kule Jette, na akili yake bado nzima. Hawakuzungumza vizuri miaka mingi. Alitaka niende naye. "Nisije nikasikia ninachotaka kusikia," alisema.

Mademoiselle Claire alikuwa mwembamba kama fimbo ya pazia, amekaa wima, blanketi magotini. Ndugu yake alipoanza kueleza, alimkatiza.

"Bastola? Papa aliitupa baharini."

Alisema hivyo kama mtu anayesema kwamba mvua ilinyesha jana.

Walikuwa melini wakirudi Ulaya, mwaka ule wa uhuru. Claire alikuwa msichana mkubwa. Alimfuata baba yake kwenye ukingo wa meli, akamwona anatoa kitu ndani ya koti na kukiachia. Alipomuuliza, baba alisema, "Hicho hakitaingia nyumbani kwangu tena." Sanduku lenyewe lilibaki tupu ndani ya mizigo.

"Basi hii?" Monsieur Édouard aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Babu alikuwa bado hai. Huoni? Alikuwa kipofu tayari, lakini hai. Tulipofika tu aliuliza: iko wapi bastola yangu? Papa alimwogopa babu maisha yake yote. Alisema iko kwenye mizigo. Halafu tukaenda Liège, mimi na papa, akanunua mpya inayofanana. Aliisugua kwa majivu na chumvi jikoni. Nilimsaidia kushika taa. Kisha akaitia ndani ya sanduku akampelekea."

"Na babu akaichukua."

Mademoiselle Claire alivuta blanketi. "Aliipapasa. Mpini, mtutu, nyundo. Akasema, si yangu. Papa akamwambia, ni uzee wa mikono, baba. Kila siku mpaka alipokufa alikuwa anaomba apewe, tunampa, anaipapasa, anasema si yangu, nileteeni yangu. Anatukana. Analia wakati mwingine. Kila siku papa alimjibu vilevile: ni yako, baba, ni yako, shika."

Nimesikia mambo mengi juu ya bastola. Hilo lilinifanya nisimame niende dirishani. Nje wazee wengine walikuwa wanasukumwa juani kwenye viti vya magurudumu. Kipofu mwenye damu mikononi aliitambua bastola kabla yangu, bila lenzi na bila mashine. Na mwanawe, ambaye sijui alikuwa mtu wa namna gani, alimnyima kitu kile na kumkabidhi kingine, siku baada ya siku. Sikuweza kujua kama ni woga au ni hukumu. Mpaka leo sijui.

Tulikwenda Galerie moja kwa moja, Monsieur Édouard na mimi. Maman Ngoie alikuwa anakunja vitambaa. Alipotuona hakutukaribisha, na hakutufukuza. Monsieur Édouard alimweleza yote amesimama, kwa Kiswahili chake cha jikoni, akikosa maneno na kuyaokota kwa Kifaransa. Mteja mmoja aliingia, akaona nyuso zetu, akatoka.

Maman Ngoie aliendelea kukunja mpaka mwisho wa kitambaa.

"Ni mu bahari?" akauliza.

"Mu bahari, maman."

"Na ule muzee kipofu alikufa anaiomba?"

"Alikufa anaiomba."

Akakaa kwenye kigoda chake. Alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa pindo la kitenge. Kisha akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ngazi, akasema, "Papa Déo, kamata kiti." Hakuniomba msamaha, wala mimi sikuwa nimekuja kuutafuta.

Msidhani wazee wa Katanga walifurahi. Simu zilikuwa kali. Mbuzi walikuwa wamekwisha kufungwa, watu walikuwa wamekwisha kuitwa, na sasa wanaambiwa bastola iko chini ya bahari na iliyobaki ni ya dukani. Kaka wa Maman Ngoie alisema tumewafanya wajinga. Baada ya siku za kubishana, mzee mkubwa wa ukoo, aliyeitwa Ilunga, akatuma neno: chuma si mtu, chuma wanacho kingi Katanga, nchi nzima ni chuma. Kama bastola haiji, basi aje yule mjukuu mwenyewe aseme kwa mdomo wake.

Daktari alimkataza Monsieur Édouard kupanda ndege. Yeye alikuwa tayari kwenda hivyohivyo. Ni Maman Ngoie aliyekataa, akasema hataki maiti ya pili juu ya jambo lile lile. Ikakubaliwa iwe kwa simu.

Ile bastola ya Liège Monsieur Édouard aliniachia mimi. Niliipeleka mnadani kwa jina lake: toleo la baadaye, kazi ya Liège, imezeeshwa kwa mkono. Ilichukuliwa na kijana wa kilabu cha shabaha. Nilikutana naye sokoni siku moja akaniambia inapiga vizuri sana.

Simu ilipigwa Jumapili mchana nyumbani kwa Maman Ngoie, pale Ixelles. Alikuwa amepika: bukari, ndiyo ugali wetu, sombe ya majani ya mihogo, samaki. Tulikaa tukizunguka meza, simu katikati, sauti imefunguliwa. Kule watu walikuwa wamepanda kilima kutafuta mtandao, tulisikia upepo, watoto, jogoo. Mzee Ilunga akasalimu. Maman Ngoie akamwelekezea Monsieur Édouard simu kwa kidole.

Alikuwa amevaa suti. Akasimama.

"Miye naitwa Édouard," akasema. "Babu yangu njo aliuaka babu yenu, mfumu Kalenga. Alimupiga na bastola. Mfumu hakukuwa na kosa."

Upepo. Kisha sauti ya mzee: "Allô? Allô? Sauti inakatika. Unasema nini?"

Monsieur Édouard aliniangalia. Nilitaka kumsaidia, nikaona siwezi. Akainama karibu na simu.

"Babu yangu aliuaka babu yenu."

"Nani? Nani aliua?"

"Babu yangu. Babu yangu mwenyewe. Aliuaka mfumu Kalenga."

"Panda kidogo," tulimsikia mzee akimwambia mtu kule. "Panda hapa, njo kuko réseau. Bon. Muzungu, sema tena. Sema na nguvu, bote basikie."

Akasema tena, kwa nguvu, mpaka sauti ikapasuka, na jasho likimtiririka chini ya masikio. Alisema bastola iko baharini, baba yake aliitupa. Alisema hajui mfumu alizikwa wapi, babu hakusema kamwe, na kama angejua angesema. Kule jogoo aliwika. Kisha mwanamke mmoja akaanza kulia, kile kilio kirefu cha kwetu mnachokijua, na wengine wakapokea, wengi, simu ikashindwa kubeba sauti zote ikawa inakwaruza.

Katikati ya kilio mzee Ilunga alirudi. "Tumesikia," akasema. Mtandao ukakatika.

Tulingoja. Haikuita tena.

"Bamesema nini?" Monsieur Édouard aliuliza, bado amesimama.

"Bamesema bamesikia," Maman Ngoie alijibu.

"Njo ile tu?"

"Njo ile tu." Alivuta sahani, akakata bukari, akaisogeza mbele ya Monsieur Édouard, akamwonyesha kiti. "Ikala, papa. Kula. Chakula inapoa."